Mboji ya kiroba kutoka vikundi vya taka mitaani, Dar es Salaam

Kabla ya kulipa, fungua kiroba cha mboji (mbolea ya taka zilizooza), chota konzi moja uiminye. Iliyoiva hunukia udongo wa mvua na huacha unyevu kiganjani bila kuchuruzika. Ikikupiga na harufu ya amonia, kali kama ya mkojo, bado haijaiva: maganda mabichi yalizidi majani makavu, na ukiiweka leo itababua mizizi ya mchicha. Iache kivulini wiki tatu, uigeuze kila baada ya siku tatu.

Kero kubwa ni plastiki na vizibo vya soda, maana majumbani taka hazitenganishwi. Chekecha kwa wavu wa milimita 10. Ukipanda kwenye ndoo, changanya sehemu moja ya mboji na tatu za udongo. Naitrojeni yake, kirutubisho cha majani, ni kidogo. Sukuma wiki itadai nyongeza.