Kubadilisha mafuta na filta za CVT: garaji moja ya njia ya Kipushi, Lubumbashi

Kama una gari la CVT (giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za namba) hapa Lubumbashi na unatafuta watu wa kuigusa giaboksi yako bila kuiharibu, nina garaji ya kukuelekeza. Iko upande wa njia ya Kipushi, ndani ya ua wenye ukuta wa matofali na geti la bluu, haina kibao kikubwa barabarani. Nimewapelekea Nissan X-Trail yangu ya mwaka 2010, ile ya T31 yenye injini ya lita 2, wabadilishe mafuta ya giaboksi pamoja na filta zote mbili. Nimeridhika sana, ingawa yako mambo ninayotaka wayarekebishe na nitayataja.

Gari langu lilikuja kama yanavyokuja mengi ya hapa kwetu: meli kutoka Japani hadi Dar es Salaam, kisha Tunduma, kisha Zambia, mpaka Kasumbalesa. Usukani kulia, kitabu cha huduma cha Kijapani, na kurasa za mwisho tupu. Mimi ni muuza vitenge. Nabeba marobota kwenda Likasi, karibu kilomita 120, gari likiwa limejaa mpaka kioo cha nyuma hakioneshi kitu, na mwezi wa kumi unajua joto la Katanga lilivyo. Gari halikuwa na ugonjwa wowote. Halikutetemeka wala halikulia. Ila hakuna mtu aliyeweza kuniambia mafuta ya giaboksi yana umri gani, na kwa CVT hilo peke yake ni sababu ya kutosha kwenda kwa fundi.

Niseme kidogo kwa nini, maana wengi wanalichukulia jambo hili kama vidanji, yaani kumwaga na kubadilisha mafuta, ya injini tu. Ndani ya CVT hakuna namba moja, namba mbili, namba tatu. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma unaozunguka kati yake. Kila puli ni koni mbili zinazotazamana: zikisogeleana, mkanda unapanda juu, zikiachana, unashuka karibu na ekseli yake. Hivyo ndivyo gari linavyoongeza mwendo bila wewe kusikia gia ikiingia. Mkanda wenyewe ni mamia ya vipande vidogo vya chuma vilivyovishwa kwenye pete nyembamba, nao unashikwa na puli kwa shinikizo kubwa la mafuta. Chuma kinashika chuma, na katikati ni mafuta. Mafuta hayo yanatakiwa kulainisha ili visisagane, na wakati huo huo yasiruhusu mkanda kuteleza. Yakichoka kwa joto, au yakijaa unga wa chuma, kazi zote mbili zinaharibika. Mkanda ukianza kuteleza unachubua uso wa puli, na hapo mazungumzo si ya mafuta tena, ni ya giaboksi nzima.

Kabla ya hawa niliingia garaji nyingine, sitaitaja. Fundi wa pale alinyanyua boneti, akaniambia ana mafuta mekundu ya otomatiki ya kutosha kwenye pipa na kwamba kufikia saa sita nitakuwa njiani. Nikamuuliza kama anajua gari hili ni CVT. Akajibu kuwa otomatiki ni otomatiki. Nikafunga boneti mwenyewe nikaondoka. Yale mekundu yametengenezwa kwa giaboksi za gia na klachi nyingi. Mshiko wake si ule unaohitajiwa na mkanda wa chuma juu ya puli. Jirani yangu wa Kampemba aliwekewa hayo kwenye gari lake dogo na fundi wa mtaani, na leo gari liko juu ya mawe likisubiri giaboksi ya mtumba.

Kwa hawa wa njia ya Kipushi mambo yalianza tofauti. Fundi mkuu, mzee mpole mwenye miwani ya kusomea shingoni, aliniambia, “Mama, usinunue mafuta bado. Tuangalie kwanza kompyuta inasema nini.” Akachomeka skana chini ya usukani. Hili sikulijua na nimefurahi kulijua: giaboksi za Nissan za kizazi hiki zina kihesabu cha uchakavu wa mafuta. Si kilomita, ni namba inayopanda kadiri mafuta yanavyopata joto na kazi. Mwongozo wa mafundi unasema ikifika 210,000 au zaidi, mafuta yabadilishwe. Yangu ilikuwa imepita 260,000. Akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. “Umeona, mama? Mwenye gari wa kwanza hakugusa. Au aligusa, fundi wake hakurudisha sifuri.” Napenda mtu anayesema “au” pale asipojua.

Mafuta nilinunua mimi mwenyewe, mjini, kopo za bati za lita 4 za NS-2, mafuta ya CVT ya Nissan, kwa sababu ndiyo yaliyoagizwa kwa gari langu. Namba ya kopo ni KLE52-00004. NS-3, iliyokuja baadaye, ni KLE53-00004. Ziandike kwenye simu kabla hujaenda dukani, halafu angalia kifuniko kama muhuri wake haujaguswa, kwa sababu kopo tupu la asili hapa lina bei yake, na halilipiwi bei hiyo ili likae tupu. Mwenye Toyota asinunue hayo yangu: wao wana TC kwa magari ya zamani na FE kwa ya baadaye. Honda nao wana yao, HMMF na HCF-2. Kila kiwanda kimepika mafuta yake, na jibu liko kwenye kitabu cha gari, si kwa muuzaji.

Kazi yenyewe nilisimama kuiangalia yote, na hawakunifukuza. Walifungua boliti ya chini mafuta yakiwa ya uvuguvugu, wakayapokea kwenye ndoo yenye alama za lita. Yalitoka meusi, lakini hayakuwa na harufu ya kuungua. Mzee alichovya kidole akanusa, akaninusisha na mimi. Kisha wakashusha karteri, lile sinia la chini ya giaboksi. Hapa ndipo garaji nyingi zinaruka hatua, maana mafuta yanaweza kutoka bila kuifungua. Ndani yake kuna sumaku za duara, na zangu zilikuwa zimevaa tope la kijivu, laini, nene kiasi cha kuficha umbo la sumaku. Mzee alichukua kidogo akasugua kati ya kidole gumba na cha shahada, mbele ya macho yangu, polepole, akitafuta kitu kinachochoma. Tope laini ni uchakavu wa kawaida, akasema. Ukikuta vipande vinavyong'aa, vyenye ncha, hapo mkanda au beringi inakufa, na mafuta mapya hayatakusaidia. Ni bora uhifadhi pesa zako. Changu kilikuwa tope tupu. Nilishusha pumzi.

Karteri ikaoshwa mpaka ikawa nyeupe, ikafutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Filta ya kwanza, ile kubwa ya ndani ya karteri, iliwekwa mpya. Ya pili ndiyo inayosahaulika: ni filta ndogo ya karatasi iliyofichwa pembeni, kwenye sehemu ya chombo cha kupoza mafuta. Fundi kijana alihangaika nayo kwa muda kwa sababu nafasi ni finyu, lakini aliitoa. Karatasi ilikuwa imekunjamana na kuwa nyeusi kote. Hiyo ndiyo inayochuja mafuta yanapopita kwenye upozaji, kwa hiyo ikiziba, gari la mizigo kama langu ndilo la kwanza kuumia njiani Likasi.

Kitu kingine kilichonifanya niwaamini ni spana ya kupimia nguvu. Boliti za karteri ni ndogo na hubanwa kidogo sana, karibu newton-mita (Nm) 8. Fundi anayebana kwa mkono wake wa matairi atakunja ukingo wa karteri au atavunja uzi, na kuvuja kutaanza baada ya wiki. Huyu kijana alizibana kwa kuvuka, moja huku, nyingine ng'ambo, akisubiri spana ilie.

Walichotoa kilipimwa: lita 4 na nusu hivi. Wakarudisha kiasi hicho hicho kwanza. Halafu gari likawashwa sehemu tambarare, mguu kwenye breki, lever ikapitishwa kila nafasi taratibu, na skana ikiwa imechomekwa kuangalia joto. Kwa giaboksi hii kipimo kinachukuliwa mafuta yakiwa kati ya nyuzi 50 na 80, injini inaunguruma. Yakiwa baridi kijiti cha kupimia mafuta kitakudanganya. Wakaongeza kidogo, wakapima tena, wakaridhika. Mafuta kuzidi nayo ni tatizo: yanapigwa povu, na povu halishiki shinikizo.

Hayo si mafuta yote ya giaboksi. Mengine yanabaki kwenye konveta, chombo kinachounganisha injini na giaboksi, na kwenye njia za ndani. Niliuliza kuhusu ile mashine ya kusukuma yote kwa mara moja, mzee akakataa: kwenye giaboksi ambayo historia yake haijulikani, hataki kusukuma uchafu uliolala uende kuingia kwenye vali. Ananitaka nirudi baada ya kilomita elfu kadhaa, tutoe na kujaza tena bila kufungua karteri, na kuanzia hapo kila kilomita 40,000 kwa sababu ya mizigo na joto letu. Nimelikubali hilo moja kwa moja. Ni pesa zangu, lakini ni maneno ya mtu asiyetaka kuniuzia mashine.

Sasa bei. Mafuta nililipa dola 55 kila kopo, nikachukua mawili, yaliyobaki nayatunza kwa raundi ya pili. Filta mbili na gasketi ya karteri, dola 70. Mikono yao, dola 60, baada ya kuzungumza kidogo, walianza 80. Fakitire, yaani ankara, waliandika, kila kitu mstari wake, na wakanirudishia filta za zamani kwenye mfuko. Kwa anayelipa kwa faranga, waulize kiwango chao kabla, si baada.

Ya kurekebisha ni haya. Kwanza, walikuwa wanataka kufunga boneti bila kurudisha kihesabu sifuri, kazi ile ile waliyonionesha asubuhi. Mimi ndiye niliyewakumbusha. Ilichukua dakika, lakini mteja asiyejua angeondoka na namba ya zamani, na fundi atakayefuata angesoma uongo. Pili, filta ile ndogo ilifunguliwa ua ukiwa na vumbi la upepo, malori yanapita nje ya ukuta, na hawakufunika tundu mpaka niliposema. Turubai moja ingetosha. Tatu, mafuta machafu yanakusanywa kwenye pipa, vizuri, lakini pipa liko wazi karibu na bomba ambapo watoto wa jirani wanachota maji. Hilo nililisema kwa sauti, na mzee aliita kijana alisogeze nikiwa bado pale. Natumaini limebaki lilikosogezwa.

Nimeshakwenda Likasi na mzigo tangu hapo. Gari linapanda kwa wepesi uleule, na kuondoka kwenye foleni kumekuwa laini zaidi, hasa likiwa bado baridi asubuhi. Chini ya giaboksi ni pakavu.

Ukienda, nenda mapema. Hawachukui miadi, wanapokea kwa kufuatana, na kazi hii inakula nusu siku. Mwambie mzee unataka filta zote mbili, taja na ile ndogo ya kwenye chombo cha kupoza mafuta, kwa sababu si kila mteja anailipia na wao hawailazimishi. Gasketi ya karteri ya T31 huwa wanayo. Ya magari mengine uje nayo.