Hita ya jua ya mkahawani kwangu Majengo: nimeitumia mwaka na miezi minne

Nina mkahawa mdogo Majengo, hapa Mombasa. Asubuhi ni mahamri na mbaazi, mchana pilau, Ijumaa biriani. Sufuria za biriani ndizo zinazomaliza maji ya moto, kwa sababu samli ikishaganda maji baridi hayaing'oi hata usugue vipi.

Zamani tulikuwa na hita ya umeme ya lita 200, ikiwaka usiku na mchana. Tokeni ziliponishinda nikamwita fundi anifungie mita ndogo kwenye waya wake peke yake. Ilikula yuniti 12 kwa siku. Lakini kupasha lita 200 kutoka nyuzi 28 hadi 60 kunataka yuniti saba na nusu tu, na tangi lenyewe hatulimalizi kwa siku. Zilizobaki zilikuwa zikipotelea kwenye kuta za tangi na kwenye mabomba.

Nikanunua hita ya jua ya mirija ya kioo, lita 200, yenye elementi ya umeme ya akiba. Mtambo wenyewe naupenda. Kiangazi, saa nane mchana, maji yanatoka na mvuke. Lakini mita ilishuka hadi yuniti 7 ikasimama hapo, nami sikuelewa, maana jua la Mombasa halina uhaba.

Kumbe elementi ilikuwa inajiwasha alfajiri. Tuliosha vyombo usiku, tangi likajaa maji baridi, umeme ukayapasha kabla jua halijachomoza. Jua lilipofika, kazi ilikuwa imekwisha. Nikafunga saa ya kuwashia: umeme unaingia saa kumi jioni, unazimwa saa mbili usiku, na unapasha pale tu jua liliposhindwa. Wiki ile ile tukashuka hadi yuniti 3. Kifaa hicho ni cha bei ndogo mno ukilinganisha na mtambo, na waliouniuzia hawakukitaja hata kwa neno moja.

Joto la tangi sijalishusha chini ya nyuzi 60, nanyi msilishushe. Maji ya uvuguvugu yaliyotuama hufuga bakteria wa Legionella, wanaoleta homa ya mapafu.

Lawama yangu kubwa ni juu ya maji ya kisima. Niliwaambia mapema kwamba mfereji haupatikani kila siku na kisima chetu kina chumvi, wakasema hakuna neno. Mwezi wa saba elementi ikaungua. Fundi alipoichomoa ilikuwa imevaa ukoko mweupe, mgumu kama matumbawe, akaubandua kwa bisibisi. Waranti ikakataliwa. Sasa hita ina tangi lake dogo la maji ya mfereji tu. Ya kisima tunapigia deki.

Bomba nalo walilipitisha mita 14 juu ya paa, bila kulivika kitu. Nililishika usiku mmoja nikaachia haraka, na joto lote lile lilikuwa linakwenda hewani. Tumelivika sponji nyeusi ya mafundi wa AC (viyoyozi), na juu yake utepe wa alumini, kwani jua huila sponji upesi. Hata hivyo dada anayeosha vyombo bado humwaga kama lita nne za baridi kabla ya moto kumfikia, na siku za ukame maji hayo tunayanunua kwa mkokoteni. Nimeshazungumza na mwenye nyumba: baada ya Ramadhani mtambo unahamia juu ya jiko, na bomba litabaki mita nne.