Mpima ardhi aliyetusaidia kuulinda uwanja wetu

Uwanja wetu karibu na Ahero ndipo vijana huchezea mpira na kina mama huanikia mpunga. Mwaka jana tuliamka tukakuta mtu amechimba mashimo ya nguzo upande wa barabara.

Tukamwendea mpima ardhi mmoja mjini Kisumu. Hakukimbilia pesa. Alitukalisha, akatueleza Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016: jamii ikutane, ichague kamati ya watu 7 hadi 15, maombi yaende kwa msajili, na ardhi ikishasajiliwa, haiuzwi mpaka thuluthi mbili ya wanachama wakubali. Mama mkwe wangu alimrudisha hapo mara tatu, naye akamjibu kwa upole, "Ndiyo, mama, thuluthi mbili."

Siku ya kupima alifika saa moja asubuhi, umande haujakauka. Jiwe moja la mpaka lilikuwa limezama kwenye matope. Alipiga magoti akalifukua kwa mikono.

Kasoro ni nauli ya wasaidizi wake, hakuitaja mapema. Ilituuma, maana tulichanga shilingi hamsini hamsini. Hata hivyo ningemrudia kesho. Ila fanyeni sachi kwanza, yaani mwangalie kwenye ofisi ya ardhi kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani: kiwanja kikiwa ni ardhi ya umma, njia ni nyingine.