CD tatu za Mwenda wa Bayeke, mwezi mmoja wa kusikiliza

Mwezi mzima sasa nyumbani kwangu Magomeni hakupigwi kitu kingine jioni ila gitaa la mtu mmoja. Mdogo wangu anaishi Uholanzi, na alipokuja likizo aliniletea CD tatu nilizokuwa nazisaka kwa muda mrefu. Moja ina rekodi ambazo Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alizichukua kusini mwa Kongo miaka ya 1950, na ndani yake wamo wapiga gitaa wengine wa Katanga pia. Nyingine ni ya Berlin, 1982. Ya mwisho ilirekodiwa studio Cape Town mwaka 1988, ikatoka mwenyewe akiwa ameshafariki. Mpigaji ni Mwenda Jean Bosco, ambaye baadaye aliitwa Mwenda wa Bayeke, na wengi tunamjua kwa wimbo wake wa Masanga tu.

Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Masanga nilikuwa nayo kwenye simu, faili bovu lenye mivumo, na nilijiona namjua mtu huyu. Sikuwa namjua. Ndiyo maana naandika, hasa kwa wale wanaopiga gitaa kavu, lisilo la umeme, hapa mjini, kwa sababu ukizisikiliza hizi tatu kwa mpangilio wa miaka unasikia mtu akikua, tangu kijana wa miaka ishirini na kidogo mpaka mzee anayekaribia sitini.

Nianze na rekodi za Tracey, za 1952. Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, na Tracey alimkuta Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Santuri za wakati ule upande mmoja ulibeba kama dakika tatu, na unasikia kabisa kijana anajua hana muda wa kupoteza: anaingia na gitaa, anaweka wimbo, anarudi kwenye gitaa, kwisha. Mara ya kwanza nilidhani wanapiga wawili. Nikainua sauti, nikakaa karibu na spika, bado nikasikia wawili. Ni mmoja, na anatumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, dole gumba na kidole cha shahada.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipopata faida kubwa. Nilihamishia CD kwenye kompyuta, nikapunguza mwendo hadi nusu, nikawa nasikiliza vipande vya sekunde tano tano. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene kwa hatua sawa, kama mtu anayetwanga. Kidole cha shahada hakimfuati. Kinadokoa uzi mwembamba katikati ya hatua mbili za gumba, mara nyingine kinachelewa kwa makusudi, halafu kinakuja na sauti mbili za haraka kana kwamba kinamjibu gumba. Tukiwa wanafunzi wa gitaa tunafundishana kugawana nyuzi kwa vidole vitatu au vinne ili tupate sauti nyingi. Huyu alipata nyingi kwa viwili, kwa kucheza na muda. Kuna mtaalamu wa muziki, David Rycroft, aliyekaa akaandika gitaa la Mwenda kwa nota, sauti kwa sauti, na makala zake zikachapishwa mwaka 1961 na 1962 katika jarida la African Music. Baada ya kupambana na sekunde tano kwa jioni tatu, namheshimu sana kwa kazi hiyo.

Jambo jingine lililonifurahisha: santuri hizo zilitoka kwa nembo ya Gallotone, ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, na magitaa ya jina hilohilo yalisambaa huku kwetu mpaka wazee wakawa wanaita gitaa kavu lolote "galatoni". Babu mmoja jirani yetu bado anasema hivyo. Aliposikia CD hii alisema tu, "Hilo ndilo galatoni, mwanangu, linavyotakiwa kulia."

Kuhusu lugha, msiogope. Anaimba kwa Kiswahili cha Katanga. Utasikia "bantu" pale ambapo sisi tungesema "watu", na "kuya" badala ya "kuja". Wimbo wa kwanza masikio yanahangaika, wa tatu yameshazoea. Kuna mistari ambayo hata sasa sijaipata vizuri na naendelea kuirudia.

Kati ya CD ya kwanza na ya pili ipo miaka thelathini ambayo hizi CD hazina, na inabidi uijue ili usishangae mabadiliko. Mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa 1960 alikaa Nairobi, akawa na kipindi redioni, na vijana wa Kenya waliokuwa wakijifunza gitaa la vidole walimsikiliza yeye. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Halafu ukaja wakati wa Mobutu na sera yake ya uhalisia, watu wakatakiwa kuacha majina ya ubatizo. Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Kwa hiyo msinunue mkidhani ni watu wawili: muuzaji mmoja mtandaoni alikuwa ameziweka kwenye kurasa mbili tofauti kwa sababu ya majina, na nusura niikose ya pili.

Hilo jina nalo lina habari yake. Baba yangu ni Msumbwa wa Bukombe. Nilipomtajia Bayeke alinyamaza, akaniambia nipunguze sauti ya redio, akaanza kunieleza. Bunkeya ulikuwa mji mkuu wa Msiri, na Msiri alitoka huku kwetu, Usumbwa, akaenda Katanga kwa biashara ya shaba na pembe za ndovu katika karne ya 19. Akaanzisha dola, akatawala mpaka alipouawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Bayeke ni uzao wa watu waliokwenda naye. Baba anasema neno lenyewe kwa Kisumbwa lilikuwa la wawinda tembo. Mzee aliomba nimrudishie wimbo uleule mara nne. Sijawahi kumwona akikaa na muziki wangu muda wote huo.

Sasa ile ya Berlin. Kama una pesa ya moja tu, chukua hii. Sauti ni safi, unasikia kucha ikigusa uzi, na hakuna tena santuri ya dakika tatu inayomharakisha. Ana umri wa miaka 52. Gitaa limetulia. Zile sauti mbili za haraka bado zipo, lakini sasa anazihifadhi, anakuacha unazingojea, na zikija zinakukamata kweli. Sauti yake ya kuimba imeshuka na kupata uzito, nami naipenda kuliko ya ujanani. Najua wapenzi wa rekodi za zamani watanibishia. Ninachosikia ni kwamba yule kijana wa 1952 alikuwa anaimba ili gitaa lipate pa kupumzika, na huyu wa 1982 anapiga ili wimbo upate pa kusimama.

Tatizo nililopata ni la muuzaji. Hii ya Berlin niliinunua imetumika, tangazo likisema haina mikwaruzo. Ilifika na mkwaruzo unaoonekana kwa macho, na wimbo mmoja ulikuwa unakwama palepale kila nikiupiga. Nilimwandikia mara mbili, hakujibu. Niliifuta kwa kitambaa laini kuanzia katikati kuelekea ukingoni, haikusaidia. Kilichosaidia ni kuinakili taratibu kwenye kompyuta. Wimbo ukatoka mzima. Mkinunua iliyotumika, ombeni picha ya upande wa chini wa diski kabla ya kulipa.

Ya Cape Town sina mengi ya kusema. Ni nzuri, amerudia baadhi ya nyimbo zake za zamani, na kwa anayetaka kumpa mgeni wa muziki huu zawadi itafaa. Mimi naipiga asubuhi nikijiandaa kwenda kazini. Miaka miwili baada ya kuirekodi, Septemba 1990, alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia.

Zote tatu pamoja na kusafirisha hadi kwa mdogo wangu zilinigharimu shilingi 190,000 hivi. Kwangu ni pesa nyingi, na sijutii hata mia. Anayetaka kujifunza lile dokoa la kidole cha shahada anitafute, nipo nyumbani Jumamosi mchana, aje na gitaa lake. Nimefika sekunde ya arobaini ya Masanga, bado kipande cha kati kinanishinda.