iNaturalist katika msitu wa Amani: hodari kwa majina, dhaifu kwa afya ya msitu

Kwa kazi ya kutaja majina ya viumbe, programu hii ya simu haina mpinzani. Ni ya bure, haina matangazo, na mgeni anayeingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, Usambara Mashariki, anaweza kupiga picha ya jani leo na kesho akathibitishiwa jina na mtaalamu aliye bara jingine. Ilianza 2008 kama kazi ya wanafunzi wa shahada ya uzamili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na tangu 2023 inaendeshwa na shirika lake lenyewe lisilolenga faida. Tatizo linaanza pale watu wanapochukua ramani yake, ambayo kila nukta ni rekodi moja, na kusema: tazama, msitu uko hai.

Rekodi moja ni kiumbe kimoja, mahali pamoja, wakati mmoja. Inataka picha au sauti, tarehe na eneo. Mashine inapendekeza jina, kisha watumiaji wengine wanakubali au wanapinga. Ili rekodi ipande daraja la utafiti, zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa maoni lazima wakubaliane hadi ngazi ya spishi, nao wasipungue wawili. Rekodi za daraja hilo hupelekwa GBIF, hazina ya kimataifa ya taarifa za bioanuwai, ila kwa sharti la leseni. Leseni inayokuja na akaunti mpya, CC BY-NC (tumia bila biashara, mtaje mwenyewe), inapita. Ukibadilisha ukaweka "haki zote zimehifadhiwa", rekodi zako zitaishia ndani ya programu na mtafiti anayechota data GBIF hatakuona kabisa.

Amani ina mtego wake wa pekee. Wajerumani walianzisha hapo taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902, wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia. Bustani ile ipo hadi leo, tena iko mahali ambapo wageni wengi hufikia. Kwenye fomu ya rekodi kuna alama ya kusema kiumbe hiki kimepandwa au kinafugwa. Wageni wengi huiruka, na matokeo yake ni miti ya Asia na Amerika kuonekana kana kwamba imeota yenyewe mlimani. Mti ukiwa kwenye mstari ulionyooka, una kibao, au uko ndani ya shamba la majaribio, weka alama hiyo. Ukikuta rekodi ya mtu mwingine imekosewa, nenda sehemu ya tathmini ya ubora upige kura kwamba si ya porini. Huhitaji ruhusa ya mwenyewe.

Mfano unaouma zaidi ni mti wa musizi, Maesopsis eminii. Kwao ni ukanda wa Ziwa Victoria na misitu ya magharibi zaidi, si Usambara. Ulipandwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20, na ukataji wa magogo ulipofungua msitu ukapata mwanga na kusambaa, hondohondo wakiwa ndio wachukuzi wakubwa wa mbegu zake. Kwenye ramani ya iNaturalist, musizi wa bustanini na mche wa musizi ulioota katikati ya msitu asilia ni nukta mbili zinazofanana. Kwa anayefuatilia afya ya msitu, hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Kwa hiyo kila musizi uandikiwe kama ni mche au mti mzima, urefu wa kukadiria, na kama juu yake kuna uwazi au kivuli. Maelezo hayo yanaingia kwenye sehemu ya maandishi au kwenye vijisehemu vya ziada vya rekodi, na yanachukua nusu dakika.

Kuhusu picha, jueni kwamba programu hupunguza kila picha hadi upande mrefu uwe pikseli 2048. Ukimpiga kinyonga wa sentimita sita kutoka mbali na kupakia picha nzima, kinachobaki ni kijani tupu. Kata picha kwanza, kisha pakia. Vinyonga-jani wadogo wa Amani ndio kipimo kizuri: Rieppeleon brevicaudatus ana kijindevu cha magamba chini ya kidevu, Rhampholeon temporalis, ambaye ni wa Usambara Mashariki, hana. Picha ya mgongo peke yake haimsaidii mtu. Piga ubavu mzima, kidevu kwa karibu, na kichwa kutoka juu, bila kumtoa kwenye tawi lake.

Urujuani wa Usambara, uliopewa jina la kisayansi mwaka 1893 na sasa uko katika jenasi ya Streptocarpus, unatambulika hadi nususpishi, yaani kundi dogo ndani ya spishi, kwa vinyweleo vya juu ya jani na umbo la tunda. Picha ya ua zuri la zambarau itakupa jina la spishi, basi. Vyura ni afadhali uwarekodi sauti usiku, lakini usitegemee mashine hapo: mapendekezo yake yanatokana na picha. Sauti isiyo na jina itasubiri binadamu, na anaweza kuchelewa sana.

Kosa linaloharibu rekodi nyingi ni la WhatsApp. Mwongozaji anapiga picha nzuri, anamtumia mwenye akaunti, na njiani picha inavuliwa tarehe na eneo lake. Itumwe kama faili la hati, si kama picha, ndipo taarifa hizo zibaki. La pili ni kutia viumbe watatu kwenye rekodi moja. Kila kimoja kina rekodi yake. Kuhusu mtandao, rekodi unaweza kuikusanya bila bando na kuipakia ukishuka Muheza. Zima tu upakiaji wa moja kwa moja, maana simu inayohangaika kutafuta mtandao bondeni inamaliza chaji kabla ya saa sita mchana.

Sasa udhaifu wenyewe. Spishi nyingi zilizo hatarini hufichwa eneo lake: nukta hurushwa popote ndani ya mraba wa nyuzi 0.2 kwa 0.2 za latitudo na longitudo, yaani karibu kilomita 22 kila upande. Mraba huo una eneo zaidi ya mara tano ya hifadhi nzima ya Amani, ambayo ni kama hekta 8,380. Kinyonga wa msitu wa mlimani anaweza kuonekana kwenye mashamba ya mkonge. Kinga dhidi ya wawindaji ni jambo jema, ila usijaribu kuchora mipaka ya makazi yake kwa nukta hizo.

Pia nukta hufuata barabara na vijia vya wageni. Penye nafasi tupu hujui kama kiumbe hakipo au hakuna aliyepita. Programu ya ndege ya eBird inauliza ulitembea muda gani, umbali gani, na kama umeandika kila ndege uliyemtambua, hivyo kutoonekana kwa ndege nako kunapata maana. iNaturalist haiulizi. Ndiyo maana haiwezi kuona madhara ya iliki inayolimwa chini ya miti: dari ya msitu inabaki, picha za miti mikubwa zinaendelea kuja, huku miche iliyofyekwa chini haina wa kuipiga picha.

Dawa yake ni daftari. Chukua mstari wa mita 500, simama kila mita 50, pima mraba wa mita 2 kwa 2, hesabu miche ya musizi na miche ya asili kama msambu, mtambara na mnyasa, na andika sifuri pale ambapo hakuna. Picha moja ya kila aina iende iNaturalist kuthibitisha jina, hesabu ibaki kwenye daftari. Rudia mstari uleule, msimu uleule.

Kwa utambuzi tunaipa nyota nne na nusu kati ya tano. Kwa kupima hali ya msitu, mbili, na zinapanda hadi tatu na nusu ikiwa kikundi kitafungua mradi wake ndani ya programu na wanachama wakakubali kwenye mipangilio kuwaamini wasimamizi wa mradi na maeneo yaliyofichwa. Bila idhini hiyo ya kila mwanachama, hata msimamizi ataona mraba tu.