Uzoefu wangu na programu ya kugeuza gramu kuwa drakma

Mpwa wangu ni baharia. Meli yao ilipotia nanga Piraeus, bandari ya Athens, aliniletea zawadi ya nakala tatu za sarafu za Wagiriki wa kale: moja ina bundi wa Athens, moja kasa wa kisiwa cha Aegina, ya tatu farasi mwenye mbawa wa Korintho. Muuzaji alimwapia kwamba ni fedha tupu na kwamba uzito ni uleule wa sarafu zenyewe. Mimi hapa Tanga nina mzani mdogo wa sonara, unaosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Nikasema kiapo hicho tukipime.

Nikapakua programu ya bure ya kugeuza vipimo. Nianze na mazuri yake: ni nyepesi, inafanya kazi bila intaneti, na matangazo hayakusumbui sana. Unaandika gramu, unachagua drakma (kipimo cha uzito cha Wagiriki wa kale, na pia jina la sarafu yao), jibu linatoka palepale likiwa na tarakimu nne baada ya nukta.

Bundi alisoma gramu 17.15, programu ikasema drakma 3.9884. Sarafu ile ilikuwa ya drakma 4, kwa hiyo nikaridhika. Farasi, gramu 8.58, akatoka drakma 1.9953. Sawa. Kasa, gramu 12.20, akatoka 2.8372. Sasa hiyo ni sarafu gani, ya drakma mbili na vipande?

“Mjomba, basi kwenye kasa nimepunjwa,” mpwa wangu akasema kwenye simu, na nikamsikia ameanza kukasirika.

Hakupunjwa. Niliiandikia programu gramu 1000 ikanipa drakma 232.5581. Ukigawanya unapata kwamba inahesabu drakma moja kuwa gramu 4.3 kamili, na hiyo ni drakma ya Athens. Aegina walikuwa na mizani yao, drakma yao ilikuwa kama gramu 6.1, na sarafu ya kasa ilikuwa ya drakma 2. Zidisha mwenyewe. Korintho ndiko kwenye mchezo zaidi: farasi wao alilingana na drakma 2 za Athens, lakini wenyewe walimgawa mara tatu, kila drakma kama gramu 2.9. Ina maana yale majibu mawili yaliyoniridhisha, moja lilikuwa sahihi kwa bahati tu. Weka farasi wawili upande huu na bundi mmoja upande ule, mzani unatulia. Waulize wenye sarafu ni drakma ngapi, wa Athens atasema nne na wa Korintho sita.

Programu haiulizi drakma ya mji gani. Inakupa tarakimu nne baada ya nukta kana kwamba Ugiriki nzima ilikuwa na duka moja. Na sarafu halisi zililika kwa kupita mikononi, kwa hiyo hata tarakimu ya pili ni ya kuipokea kwa tahadhari.

Kuna orodha nyingine humohumo, ya vipimo vya Biblia. Huko drakma ni gramu 3.4. Bundi yuleyule, bila kupungua wala kunenepa, akawa drakma 5.0441! Kufikia zama za Warumi drakma ilikuwa imepungua ikakaribiana na dinari, sarafu ya fedha ya Warumi, hivyo namba yenyewe ina sababu, ila mstari mmoja wa maelezo ungetosha, nao haupo. Anayesoma Luka 15, zile ambazo Biblia yetu ya Union inaziita shilingi kumi, atapata gramu 34 au 43 kutegemea kidole chake kimeangukia orodha ipi. Kwenye talanta, yaani drakma 6000, pengo ni kilo 20.4 kwa 25.8.

Vipimo vidogo nilivipenda. Oboli ni sehemu ya sita ya drakma, gramu 0.72 hivi, na Waathens walikuwa wakiziweka mdomoni wakienda sokoni. Jina linatokana na vyuma vya kuchomea nyama, na drakma maana yake ni konzi, vyuma sita vinavyojaa mkono. Mtu wa mishikaki haelezwi mara mbili. Fungu la vyuma vya namna hiyo lililochimbuliwa karibu na Argos limo katika makumbusho ya sarafu ya Athens, na mpwa wangu ameshaapa kwamba safari ijayo ataenda kuliona.

Nimeipa nyota 3 kati ya 5. Sijaifuta, kwa mina (drakma 100) na talanta inaniokolea hesabu, na nimegundua mina ya Athens, gramu 430, inaikaribia ratili ya wazee wetu. Ila kwenye kifuniko cha mzani nimebandika karatasi: Athens 4.3, Aegina 6.1, Korintho 2.9. Naisoma hiyo kwanza.