Rekoda iliyonilia taksimu: uzoefu wangu

Msinunue rekoda hii. Nalisema mwanzo kabisa kwa sababu wengine mnasoma mistari miwili tu halafu mnakimbilia dukani. Huko mbele huenda nikalainika, maana tangu yanikute nimeshalainika na kukasirika tena mara nyingi, lakini leo nina hasira, na hasira yangu ni ya haki.

Jina la kampuni silitaji. Ni rekoda ya mkononi, ile aina yenye maiki mbili zilizopishana kichwani, inayotumia betri mbili za AA na kadi ndogo ya memori. Ukimaliza kurekodi unachomeka hedifoni na kusikiliza papo hapo. Mengine yote mtayakuta kwenye boksi lake. Mimi nataka kuwaambia kilichotokea Ng'ambo, hapa hapa mjini Unguja.

Nina mapenzi na wapigaji wa zamani wa taarabu hapa Unguja. Nakwenda majumbani kwao, nakaa mkekani, nawaomba wapige, narekodi. Silipwi na mtu. Kazi hii nimeifanya kwa redio kaseti, nikaifanya kwa mini-diski aliyoniletea mjomba kutoka Muskat, kisha nikaifanya kwa simu mpaka nikachoka. Simu ikipigiwa inakata kila kitu, na kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ikipanda juu sauti inapasuka. Basi mwaka juzi, au kabla yake kidogo, nilipokwenda Dar nikajipinda nikainunua rekoda hii Kariakoo.

Nami nilifurahi, tena sana. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, zimefungwa tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji huvaa pete kwenye vidole vya shahada vya mikono yote miwili, kila pete imebana kijipande cha kukwangulia uzi. Simu huyasikia yote hayo bonge moja. Rekoda hii inakusikilizisha uzi unavyokwanguliwa, halafu uzi unavyolia, mambo mawili mbalimbali. Ukivaa hedifoni unajua mkono wa kulia uko wapi na wa kushoto uko wapi. Nilipata kurekodi mazoezi ya kikundi kimoja, nikasikia akodiani ikivuta pumzi kabla haijatoa sauti. Miaka yote niliyokaa karibu na akodiani sikuwahi kuisikia pumzi ile kwenye kanda.

Kingine, inapunguza mwendo wa muziki bila kuishusha sauti. Mimi najifunza fidla. Kuna vijia vya fidla kwenye nyimbo za zamani ambavyo mtu akikupigia kwa mwendo wake hushiki kitu. Hapa nachagua kipande, nakirudisha, nakipunguza, nakirudisha tena mpaka kidole kinajua pa kwenda. Kwa hilo peke yake niliwashauri watu wawili watatu wakainunue. Leo naona haya kukutana nao.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya Idi. Mzee mmoja mpigaji kanuni, ambaye nilikuwa nikimwomba kwa muda mrefu, akanitumia salamu kwamba leo mkono uko vizuri, nije.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Haya, kaa. Leo umekuja na nini tena?"

Nikamwonyesha. Akaigeuza geuza, akairudisha mkononi mwangu, akaanza kutia kanuni sawa. Kutia kanuni sawa si kazi ya haraka. Anashika ule ufunguo, anakaza uzi, anainamisha sikio, anakaza tena, anahamia uzi wa pili wake, na kila sauti ina nyuzi tatu zinazotakiwa zikubaliane. Mimi muda wote huo nilikuwa nakagua mashine. Betri za kuchaji, zimejaa. Kwenye menyu nimechagua aina ya betri, kama kijitabu kinavyoagiza, maana betri za kuchaji zina volti 1.2 na zile za kutupa zina 1.5, na mashine isipoambiwa inapima vibaya. Niliiambia. Kadi tupu. Nikabonyeza kurekodi, taa nyekundu ikawaka, babu akaanza na taksimu ya Bayati.

Kwa asiyejua: bashraf, ule muziki wa ala tupu, ina mpango wake, wimbo una beti zake, kila mmoja anajua zamu yake. Taksimu mpigaji yuko peke yake. Hakuna ngoma ya dumbaki inayomshika, hakuna mwimbaji anayemsubiri. Anaitembeza maqam, yaani ngazi ya sauti kama hiyo Bayati, anavyojaaliwa saa ile, anapanda, anashuka, ananyamaza akitaka. Siku ile babu alinyamaza mahali pamoja kwa muda mrefu mpaka nikadhani amemaliza, kisha akarudi kwa uzi mmoja wa chini, taratibu, na mkono wa pili ukaingia juu yake. Sijui niwaelezeje. Mjukuu wake aliyekuwa akipita na ndoo aliitua akasimama.

Akaunganisha wimbo, akaimba mwenyewe kwa sauti yake nyembamba ya uzeeni. Nikatupa jicho kwenye kioo: betri vijistari viwili kati ya vitatu. Babu yuko ubeti wa mwisho. Nikatupa jicho tena: kioo cheusi. Haikulia, taa haikumetameta, haikuonyesha kistari kimoja. Ilitoka kwenye viwili ikaenda kwenye kifo.

Sikutaharuki. Nilijisemea nitakosa mstari wa mwisho tu, na mstari wa mwisho anaweza kuurudia. Nikatia betri nyingine, mashine ikawaka ikiwa kimya, haikusema neno lolote kwamba kuna kilichoharibika. Babu akaanza kunihadithia alivyojifunza kanuni, nikabonyeza nikarekodi na maneno hayo.

Nyumbani nikachomeka kadi kwenye kompyuta. Faili la mazungumzo lipo. Faili la muziki lina jina, na ukubwa wake sufuri. Roho ilinipaa.

Sasa nielezee kinachonichoma, na naomba mnivumilie kwa sababu muuzaji hakutaka kunivumilia. Mashine hii inaporekodi, sauti inaandikwa kwenye kadi kweli kweli, kila sekunde. Kinachobaki mpaka mwisho ni ile orodha: faili linaanzia wapi, lina urefu gani. Hiyo rekoda yangu haiiandiki mpaka ubonyeze kitufe cha kusimamisha. Umeme ukikatika kabla, sauti yote iko pale ndani, lakini kadi inaamini nafasi ile ni tupu. Ni sawa na kumpa mtu mchele akupimie, akaumwaga wote kwa kuwa hakuwahi kuandika ni kilo ngapi.

Na si hivyo tu. Kwa kuwa kadi iliamini nafasi ni tupu, nilipotia betri mpya na kurekodi mazungumzo, mashine iliyaandika pale pale. Juu ya muziki. Tangu mwanzo wa muziki. Mwanzo wa muziki ulikuwa taksimu.

Nikamwandikia muuzaji, kwa adabu. Akanijibu: "Dada hiyo mashine nzima, tatizo betri zako, nunua orijino." Nikamwambia siulizi betri, nauliza kwa nini faili halifungwi betri ikishuka, na kama kuna fundi wao anayeweza kunisaidia. Akajibu: "Faili siyo biashara yetu." Maneno manne. Unauza rekoda, mteja anakuuliza habari ya alichorekodi, unamwambia siyo biashara yako! Biashara yako ni ipi basi, plastiki?

Zipo rekoda ambazo betri ikikaribia kuisha zinajifungia faili zenyewe kisha ndiyo zinazima. Si muujiza. Ugonjwa huu mimi niliujua kwenye mini-diski: ukisimamisha, kioo kinaandika TOC, yaani orodha ya vilivyomo, na kabla haijamaliza kuandika orodha yake usithubutu kugusa betri. Lakini mini-diski Sony waliitoa mwaka 1992, na mashine zake waliacha kuzipeleka madukani mwaka 2013. Watu wametengeneza mangapi tangu hapo? Halafu mtu ananiuzia mashine ya leo yenye ugonjwa wa mashine ya mjomba wangu.

Aliyenisaidia ni kijana mmoja wa kompyuta hapa Darajani, Mungu ampe kheri. Jambo la kwanza alilofanya ni kunikataza kuigusa kadi. Na ninyi likiwakuta, msirekodi chochote tena, itoeni kadi muiweke pembeni. Akaitengenezea nakala nzima, akasema tunafanya kazi kwenye nakala. Kisha akaifungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kama data ghafi, yaani bila kuitegemea ile orodha. Hapo lazima uiambie programu mwenyewe: sauti hii ilirekodiwa kwa sampuli ngapi kila sekunde, kwa biti ngapi, njia mbili au moja. Akajaribu biti 16: kelele tupu, mvua ya bati masikioni. Akaweka 24: kelele. Nikaanza kukata tamaa. Akasema subiri, akasogeza mwanzo kwa baiti moja. Kelele. Akasogeza tena, na mara hiyo kanuni ikatoka kwenye spika zake mbovu za mezani, safi, na babu anaimba.

Nililia pale dukani, sioni aibu kusema.

Tukarudi nyuma. Mazungumzo, mazungumzo, babu anahadithia, halafu katikati ya neno lake panakatika, na kanuni inaingia. Imeingia mwishoni mwa taksimu, anapoteremka kwenda kuupokea wimbo. Kijana akanipigia hesabu: kwa kiwango nilichorekodia, kila dakika ya sauti inakula megabaiti 16 hivi, kwa hiyo kila dakika ya mazungumzo imefuta dakika ile ile ya muziki. Ule ukimya, ule uzi wa chini, mkono wa pili kuingia, vyote vimo chini ya sauti ya babu akieleza kanuni yake ya kwanza aliipata kwa nani. Havitoki. Kilichoandikwa juu kimeandikwa.

Mtasema nimwombe mzee apige tena. Nilimwomba, na babu hana kinyongo. Alinipigia Bayati nyingine, nzuri, ninayo. Alipomaliza akaniambia, "Ile ya siku ile ilikuja yenyewe, mwanangu. Hii nimeileta mimi." Yeye aliyasema akicheka. Mimi sikuweza.

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, alikwenda Bombay kurekodi santuri. Upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu tu, na sauti inakwaruza, na udi unasikika kwa mbali. Lakini sindano ilipochora, ilichora. Hakuna kitufe kilichohitajika kuithibitisha sauti ya Siti baada ya kuimba. Karibu miaka 100, na bado tunamsikia. Mimi nina mashine inayosikia pumzi ya akodiani, na dakika zangu hazikufika jioni.

Sasa hukumu. Ukiwa mwandishi wa habari unayehoji watu dakika kumi kumi, inunue, utafurahi. Ukiwa mwanafunzi wa ala yoyote, inunue kwa ajili ya ule mwendo wa polepole, sijaona kinachoshinda. Ukiwa na kwaya, ichomeke kwenye umeme wakati wa mazoezi na hutapata shida... Hapana, subiri, hapa kwetu umeme unakatika, nitawaambiaje muiamini? Hapana. Msiinunue. Rekoda kazi yake ya kwanza ni kutunza, kusikia vizuri ni ya pili, na hii imepata alama zote kwenye ya pili.

Juzi nilikaribia kuiuza. Mtu alikuja na pesa mkononi. Kabla sijampa nikataka kumwonyesha inavyofanya kazi, nikamchomekea hedifoni, nikamwekea ule wimbo wa babu uliookolewa. Akavua hedifoni akaniambia hii mashine ni nzuri sana dada, mbona unaiuza? Sikumuuzia. Sikuwa na jibu ambalo lingemtosha aliyekwisha kuisikia.

Kwa hiyo bado ninayo. Siku hizi naisimamisha na kuianzisha upya kila mpigaji anapopumzika, hata kama ni kunywa chai tu, na nabadilisha betri zikiwa bado zinaonyesha zimejaa. Mwezi ujao, Inshallah, nakwenda Pemba kwa mpigaji udi niliyeahidiwa muda mrefu. Nitakwenda nayo, maana sina nyingine inayosikia hivi, na simu yangu mbovu nitailaza pembeni yake inarekodi mwanzo hadi mwisho. Inakuwaje mashine niliyoinunua kwa akiba yangu yote ya mwaka ihitaji simu ya kuilinda? Swali hilo nimelipeleka dukani na nimelipeleka kwa kampuni, na mpaka leo hakuna aliyenijibu.